Boriti na Chumba cha Juu

Msomaji kijana, ukipita Kiandutu, mtaa ulio kando ya mji wa Thika, utaona nyumba nyingi za mabati na mbao, zisizo na ghorofa. Tuseme mwenye nyumba mmoja, ambaye watoto wake wameongezeka, atamani kujenga chumba juu. Swali la kwanza si jinsi chumba kitakavyopendeza, bali ni hili: sakafu yake itabebwa na nini? Swali hilo ni la kale, na watu wa pwani yetu walilijibu zamani.

Katika karne ya 18 matajiri wa Lamu walijenga nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Sakafu za juu zilishikwa na boriti za mikoko zilizolazwa toka ukuta hadi ukuta, na juu yake yakapangwa mawe na kumwagwa chokaa. Boriti hizo hazikuweza kuvuka nafasi ipitayo sana mita 3. Ndiyo sababu vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba. Mwashi hakupanga chumba kisha akatafuta mti. Alipima mti kwanza, ndipo akapanga chumba.

Wala hakukosea. Hesabu yatuonyesha kuwa boriti yenye unene ule ule ikirefushwa mara 2, na kila mita yake ikachukua mzigo ule ule, hupinda mara 16.

Binti alipoolewa, baba aliweza kumjengea makao juu ya nyumba yake, pengine pamoja na wikio, yaani chumba kilichovuka njia hadi ukuta wa pili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa kuta za chini zilikuwa nene, zenye kustahimili uzito.

Mzigo wa juu hauna budi kufika ardhini. Wajenzi wakilisahau hilo, gharama yake ni roho za watu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la ghorofa 6 lililojengwa karibu na mto lilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50.

Basi yule mwenzetu wa Kiandutu na aanze chini. Mabati hayabebi sakafu. Yampasa kusimamisha nguzo zenye msingi wake, aweke boriti zilizopimwa na fundi ajuaye kazi, kisha ndipo afikirie dirisha.