Hamsta, simbilisi, na nani atamlisha

Watoto wa kikundi chetu wanataka hamsta kibeti. Walimwona ndani ya kitabu cha picha kilicholetwa na mgeni: kanyama ka manyoya, kafupi kama kidole, kamekaa kwenye kiganja cha mtoto wa Ulaya kanakula mbegu. Kikundi kina pesa kidogo iliyobaki kwenye mauzo ya vikapu, tukakubaliana kwamba itanunua mnyama. Basi swali likawa: huyu anafaa?

Tumelijadili Nakivale, tukalijadili tena Kamukuzi, Mbarara, kwa wenzetu wanaoishi mjini. Mimi napenda historia tangu sekondari, nikaona nitafute huyu mnyama ametoka wapi na alifikaje kwenye nyumba za watu. Mnyama wa kufugwa ana historia kama mtu. Ukiijua, unajua pia anataka nini kwako.

Mama mmoja jirani alimaliza mjadala mapema. Aliangalia picha akasema: "Ile ni panya tu, mulimupatia tu jina ya kizungu." Kusema kweli hajakosea sana, hamsta na panya ni ndugu wa mbali. Lakini na panya wenyewe si tusi. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja, Magawa, alipewa medali ya dhahabu mwaka 2020 juu ya kazi yake Kambodia.

Hamsta vibeti kwao ni nchi za baridi na nyasi kavu: Mongolia, Siberia, Kazakhstan, kaskazini ya China. Wana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea nafaka mpaka shimoni. Binamu yao mkubwa, hamsta wa rangi ya dhahabu, ndiye alitangulia kuingia nyumbani mwa watu, na habari yake inagusa. Mwaka 1930 mwalimu wa chuo kikuu cha Jerusalem, Israel Aharoni, alienda karibu na Aleppo, Syria, na shamba la ngano likachimbwa mpaka akapatikana mama na watoto wake. Mwenzake Saul Adler alikuwa anamtafuta mnyama wa kuchunguzia ugonjwa wa kala-azar. Waliobaki hai walizaana Jerusalem, uzao wao ukapelekwa Uingereza na Marekani, kwanza maabara, halafu maduka. Sisi Aleppo tunaijua kwa habari za vita na wakimbizi. Kumbe kabla ya watu, familia moja ya hamsta ilitolewa huko ikatawanywa dunia nzima. Vibeti walikuja madukani baadaye.

Kwa hiyo hamsta alipata nafasi yake kwa watoto wenye chumba chao, kwenye sanduku la vioo au la waya, karibu na duka la mbegu. Analala mchana, anaamka usiku. Ukimwamsha mchana anaweza kukuuma. Anaishi kama miaka miwili. Chakula chake hasa ni nafaka na mbegu, kama kijiko kimoja kwa siku.

Kijiko ni kidogo, najua. Lakini hapa kila mtu anajua hesabu ya kijiko. Tangu Julai 2023 mgao wa chakula Uganda unatolewa kwa makundi, na kuna familia zilizotolewa kabisa kwenye orodha. Mtoto atakayechota mtama wa hamsta usiku, mdogo wake atakuwa anamwangalia. Sitaki kikundi changu kimweke mtoto yeyote mahali pale.

Sasa kuna mnyama mwingine mdogo, ambaye sisi wa Kivu hatukuhitaji kitabu ili tumjue: simbilisi. Kwetu wengine wanamwita dende, na waliosoma Kifaransa wanasema kobayi. Waingereza wanamwita nguruwe wa Guinea, Wafaransa nguruwe wa India, na wote wawili wamekosea: si nguruwe, na kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa kule walianza kumfuga miaka maelfu kabla Wahispania hawajafika Peru, na mpaka leo ni nyama ya sherehe. Meli zikampeleka Ulaya, akawa kipenzi cha matajiri. Wazungu wakamleta Afrika.

Katikati ya safari hiyo aliingia maabara, na hapo ndipo alitusaidia bila kujua. Robert Koch alimtumia alipokuwa anatafuta kijidudu cha kifua kikuu, alichokitangaza mwaka 1882. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwe waliwalisha simbilisi nafaka peke yake, wakaona wanaugua kiseyeye kama mabaharia. Mwili wa simbilisi hauwezi kutengeneza vitamini C, kama wetu. Lazima aipate kwenye majani mabichi. Kumbuka hilo, linarudi kwenye hesabu yetu.

Juu ya maabara hizo, jina kobayi likageuka kuwa neno la mtu anayejaribiwa. Hapa kambini utasikia mzee akisema "sisi ni kobayi ya miradi." Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili, mkilisikia, sasa mnajua linatoka wapi.

Lakini Kivu alifanya kazi nyingine. Kule Walungu na Kabare simbilisi anakaa jikoni, anakimbia chini ya kitanda na pembeni ya mafiga, anakula majani ya viazi, nyasi, maganda. Mara nyingi mwenye mali ni mtoto. Anauza wawili, ananunua daftari. Wakubwa hawamhesabu sana, ndiyo maana mali hiyo inabaki ya mtoto.

Vita vilipoanza 1996 na vile vilivyofuata, wenye silaha walichukua ng'ombe, halafu mbuzi, halafu kuku. Ng'ombe anaonekana kutoka mlima wa pili. Kuku anapiga kelele. Simbilisi anajificha gizani nyuma ya kuni. Nyumba iliyoporwa kila kitu iliweza kubaki na jike na dume, na kutoka hao wawili nyama ikarudi kwenye sahani. Mama yangu alinihadithia hivyo, na wamama wengi wa Kivu watakuhadithia hivyo hivyo.

Nilikuwa nawaza hayo siku tuliyopita karibu na ikulu ya zamani ya Omugabe pale Kamukuzi. Ankole ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, heshima yote ya watu ilikuwa juu ya ng'ombe. Miaka ya 1890 sotoka ikaua wengi mno. Ufalme wenyewe ukafutwa 1967. Hata Wanyarwanda waliokimbilia upande huu kuanzia 1959, wakati Nakivale ilikuwa bado changa, wengine walivuka na ng'ombe wao. Sisi tuliokuja baadaye tumevuka na magodoro. Vijana walicheka kwamba kwenye mlima wa wafalme wa ng'ombe tunabishana juu ya mnyama wa kidole. Kijana mmoja Mkiga akauliza kwa nini tusinunue tu sungura. Swali zuri, ila sungura anataka kizimba kikubwa zaidi, na watoto hawakumtaka.

Sitaki kumpamba simbilisi. Ananuka kama takataka hazitolewi kila siku. Paka, mbwa na panya wakubwa wanamtafuta. Akilowa na kupata baridi anakufa haraka, na nyumba zetu za turubai zinavuja. Hapendi kukaa peke yake, kwa hiyo humfugi mmoja. Na kuna jambo gumu zaidi: ni kipenzi au ni chakula? Mtoto wa Kisomali kwenye kikundi alisema wazi kwamba kwao panya hafugwi wala haliwi, na simbilisi kwake anafanana na panya. Wakongomani wakaanza kumcheka, nikawazuia. Tulikubaliana kwamba wa kikundi hataliwa. Wataozaliwa, kila mtoto aliyefanya zamu ya kulisha ataamua wa kwake kwa ruhusa ya wazazi.

Kwenye upande mzuri, majani yanatosha. Hayo mabichi anayoyahitaji mwili wake yako pembeni ya njia na kwenye viazi vya jirani, bure, na hayatoki kwenye mgao wa mtu. Anaamka mchana, wakati watoto wapo. Anaweza kuishi miaka mitano na zaidi. Na familia ikiitwa kwenda nchi ya tatu, au ikirudi nyumbani, simbilisi anapata mtu wa kumpokea siku hiyo hiyo. Hamsta ungemwachia nani? Mbarara yenyewe sijaona duka linalomuuza, wala sijui daktari wa mifugo ambaye angemshika.

Kuna dada mmoja wa miaka 13 ambaye hakushawishika. Alisema yeye anataka kitu ambacho hakina kazi, hakiuzwi, hakiliwi, ni cha kupenda tu kama yule mtoto wa kwenye kitabu. Nilikosa jibu la kumpa na bado sina. Nilimwambia aseme mbele ya wote kabla ya kura, akasema, na wengine wanne wakamfuata.

Kura: simbilisi kumi na mmoja, hamsta watano, paka mmoja. Mama wa Rubondo anatupa majike wawili na dume kwa bei nzuri. Kizimba kinajengwa kwa mbao za kitanda kilichovunjika, na sakafu yake inainuliwa juu ya ardhi ili maji yapite chini. Yule dada amechaguliwa kushika daftari la zamu. Mimba inachukua kama siku 68, watoto wanazaliwa na manyoya na macho wazi, na baada ya wiki chache nao wanaweza kupandana. Kwa hiyo madume yatatengwa mapema, na tunahitaji kizimba cha pili. Mwenye waya wa kuku asiotumia, hata mita mbili, atukute Jumamosi mchana.