Darasa lenye simu moja: jinsi shule ya kijijini inavyoweza kujifunza pamoja na shule ya mbali

Shule nyingi za vijijini hazina chumba cha kompyuta, na nyingine hazijafikiwa hata na nguzo ya umeme. Lakini ni shule chache zinazokosa angalau mwalimu mmoja mwenye simu inayoingia mtandaoni. Je, simu hiyo moja inaweza kuwafaa wanafunzi 60 au 80 walio darasani?

Jibu letu ni ndiyo, kwa masharti. Katika makala haya tunaeleza jinsi darasa moja linavyoweza kushirikiana na darasa jingine lililo mbali, kazi gani linaweza kufanya, gharama zake ni zipi, na mambo ambayo mzazi ana haki ya kuyauliza kabla sauti au picha ya mtoto wake haijatoka nje ya shule.

Redio ilitangulia

Kuunganisha watoto walio mbali hakukuanza na intaneti. Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs katikati ya Australia, ilianzishwa shule iliyofundisha kwa redio. Watoto waliishi kwenye mashamba ya ng'ombe, mamia ya kilomita kutoka shule ya karibu. Walitumia redio za kuongea pande mbili, kwa kupitia mtandao wa redio wa huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Mwalimu aliuliza, mtoto akajibu, na watoto wa mashamba mengine wakasikia. Shule hiyo ipo hadi leo, ila redio imebadilishwa na intaneti ya setilaiti.

Mwaka 1988, Vita Baridi vikiwa bado havijaisha, shule 12 za Moscow na shule 12 za jimbo la New York nchini Marekani zilianza kufanya kazi za masomo pamoja kwa kutumia kompyuta na laini za simu. Kutokana na mradi huo ulikua mtandao wa shule uitwao iEARN, ambao sasa una walimu na wanafunzi katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2000, wanafunzi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakizungumza kwa redio na wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kituo hicho hupita angani kwa kasi kubwa, hivyo mazungumzo hudumu kama dakika 10 tu. Kwa sababu hiyo maswali huandikwa mapema, hupangwa kwa zamu, na kila mtoto hujua lini atauliza. Dakika hizo 10 huleta faida kwa kuwa zimetanguliwa na maandalizi ya wiki nyingi. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu mwenye bando dogo.

Kazi ambayo darasa moja haliwezi kuifanya peke yake

Ushirikiano mwingi wa shule huishia kwenye salamu. Watoto hutaja majina yao, huimba wimbo, hupunga mikono, na wiki inayofuata hakuna tena la kusema. Unaodumu ni ule ambao kila darasa lina kitu ambacho darasa jingine linakihitaji.

Mfano mzuri ni kupima ukubwa wa dunia kwa kutumia kivuli cha fimbo. Njia hii ni ya Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Alilinganisha jua la mchana katika miji miwili ya Misri, akapata makadirio ya mzingo wa dunia. Leo madarasa mawili yanaweza kurudia kazi hiyo bila kifaa cha kununua.

Tuchukulie darasa moja lipo Nanyuki, Kenya, mji ulio kwenye Ikweta, na jingine lipo Songea, kusini mwa Tanzania. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 au 21 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba, jua la utosi huwa juu ya Ikweta. Siku hiyo kila darasa husimamisha wima fimbo ya mita moja kwenye uwanja ulio sawa. Kuanzia saa 6:15 mchana hadi saa 7:00, wanafunzi hupima kivuli kila baada ya dakika tano na kuandika. Kipimo kinachotakiwa ni kile kifupi kuliko vyote. Katika maeneo haya mawili kivuli hicho hakitokei saa 6 kamili, bali karibu na saa 6 na nusu au baadaye kidogo.

Nanyuki kivuli kitakaribia kutoweka. Songea kitakuwa na urefu wa sentimita 19 hivi. Wanafunzi wakichora pembetatu yenye vipimo hivyo na kuipima kwa kipimapembe, watapata pembe ya karibu nyuzi 10.7. Duara zima lina nyuzi 360, kwa hiyo pembe hiyo huingia kwenye duara kama mara 33.6. Umbali wa kutoka kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo miwili, ukipimwa kwenye ramani, ni kilomita 1,180 hivi. Zidisha 33.6 kwa 1,180 upate karibu kilomita 39,650. Mzingo halisi wa dunia kupitia ncha zake mbili ni zaidi kidogo ya kilomita 40,000.

Mwanafunzi akisoma nyuzi 11 badala ya 10.7, jibu lake litashuka hadi kilomita 38,600 hivi. Hilo nalo ni somo, kwa sababu darasa litaona jinsi kosa dogo la kupima linavyokua likizidishwa, na kwa nini vipimo hurudiwa. Darasa la Songea haliwezi kumaliza hesabu hii bila habari kutoka Ikweta. Na habari yenyewe ni fupi, namba moja tu, inayoweza kutumwa kwa ujumbe wa kawaida wa simu hata pasipo intaneti.

Shule ya kijijini ina cha kutoa

Wapo wanaodhani shule ya kijijini inaungana na ya mbali ili ipokee tu: vitabu, madaftari au fedha. Ushirikiano ukianza hivyo, watoto wetu huzoea kujieleza kwa yale wanayokosa, na watoto wa upande wa pili huzoea kuwaonea huruma. Pande zote mbili hupoteza.

Kuna mengi ambayo shule ya kijijini inayo na nyingine haina. La kwanza ni Kiswahili. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kipo pia katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa Kiswahili huko anahitaji kumsikia mtu anayekizungumza kila siku akisimulia jinsi mhogo unavyoandaliwa au ng'ombe anavyokamuliwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuwa mwalimu wake.

La pili ni kumbukumbu za mvua. Kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya zina misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Kusini mwa Tanzania kuna msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili. Madarasa mawili yakiweka nje kopo lenye kuta zilizonyooka na kupima maji kwa rula kila asubuhi, baada ya miezi michache yatakuwa na jedwali la kulinganisha. Hapo hesabu, jiografia na kilimo hufundishwa kwa pamoja, na wazazi wakulima wanaweza kulisoma jedwali hilo pia.

Kifaa gani kinatosha

Maandishi ndiyo nafuu kuliko yote. Barua ya ukurasa mmoja ikichapwa kwenye simu haifikii hata sehemu ya mia ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp ni chini ya megabaiti moja. Simu ya video hula megabaiti kadhaa kila dakika, na mtandao ukilegea hukatika. Kwa darasa la watoto 70 wanaotazama kioo kidogo cha simu, video huwafaa wachache walio mbele.

Kwa hiyo tunashauri darasa lianze na maandishi na ujumbe wa sauti. Sauti inaweza kuchezwa kupitia spika ndogo ya kuchaji, na darasa zima likasikia. Pasipo mtandao shuleni, mwalimu hurekodi darasani, hutuma jioni akifika penye mtandao, kisha hupakua majibu na kuja nayo asubuhi. Video ibaki kwa siku maalumu, mara moja au mbili kwa muhula, baada ya madarasa kufahamiana.

Tusifunge kazi yote kwenye programu moja. Skype, iliyotumiwa na madarasa mengi duniani kwa miaka mingi, ilifungwa Mei 2025. Barua na vipimo viandikwe pia kwenye daftari la darasa. Simu ikiibiwa au programu ikifungwa, daftari litabaki.

Tukubaliane saa

Wengi huvurugwa na saa. Sisi tukisema saa 8 mchana, mwenzetu wa nje anaweza kuelewa saa 8 ya Kizungu, yaani saa 2 asubuhi. Mwalimu aandike saa kwa namna zote mbili na aweke jina la mji. Bukavu, Kigali na Bujumbura ziko nyuma ya Dodoma na Nairobi kwa saa moja. Saa 7 mchana kwetu ni saa 4 asubuhi mjini London wakati wa majira ya baridi, na saa 5 wakati wa kiangazi chao. Shule za New York zinapoingia darasani asubuhi, huku ni saa 10 jioni au karibu yake, na watoto wengi wameshaondoka. Hii ni sababu nyingine ya kupendelea ujumbe unaosubiri kuliko mazungumzo ya papo kwa papo.

Usalama wa mtoto ni sharti la kwanza

Picha ya mtoto ikishawekwa mtandaoni, kuirudisha ni vigumu sana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Katika kazi ya darasa, kanuni hizi zinatosha kuanzia:

1. Mawasiliano yote yapite kwa mwalimu. Namba ya simu ya mwanafunzi au ya nyumbani kwake isitolewe.
2. Watoto watumie jina la kwanza tu, na wasitaje njia wanayopita kwenda nyumbani.
3. Mzazi asaini karatasi inayoeleza kitakachotumwa, kwa nani, na kwa muda gani. Akikataa, mtoto asitengwe. Anaweza kupima, kuandika na kusikiliza kama wenzake.
4. Walimu wawili au zaidi waone kila kinachotumwa na kinachopokelewa.
5. Mtu mzima wa upande wa pili akitaka kuzungumza na mtoto faraghani, au akiahidi zawadi, mawasiliano yasimamishwe na mwalimu mkuu ajulishwe.

Mtoto au mzazi mwenye wasiwasi nchini Kenya, Tanzania au Uganda anaweza kupiga namba 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Jinsi ya kuanza

Mwalimu aanze kwa kumweleza mwalimu mkuu na kamati ya shule. Katika shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, na kazi hii haihitaji kanuni hiyo ibadilishwe, kwani simu inabaki mikononi mwa mwalimu. Kamati ikubaliane mapema nani atalipia bando. Mwalimu asiachiwe gharama hiyo peke yake mwaka mzima.

Kisha atafute mwenzake mmoja. Si lazima awe Ulaya. Mwalimu uliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha mkoa mwingine au nchi jirani, anatosha kabisa, na mna uhakika ni nani mnayeongea naye. Chagueni kazi moja yenye mwanzo na mwisho, kama vile kivuli cha Machi au mvua za miezi mitatu. Wekeni siku moja ya wiki ya kutuma na siku moja ya kupokea.

Wewe mzazi, mtoto akirudi nyumbani akasema darasa lao linawasiliana na shule ya mbali, muulize mambo matatu: wanapima au kuandika nini, nani anashika simu, na sisi tumewapa wenzetu nini. Akikosa jibu, nenda shuleni ukamuulize mwalimu. Mwalimu aliyejiandaa atakufungulia daftari la darasa akuonyeshe.