Walimu wa Shule Zetu za Msingi: Deni Lisiloandikwa Katika Hesabu

Ni desturi ya kijitabu hiki kuonyesha kila mwaka fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliosaidiwa, na marehemu waliosafirishwa nyumbani kuzikwa. Hesabu hizo ni njema, nazo zimekaguliwa. Lakini liko deni moja ambalo mweka hazina wetu hakuliandika, wala si kosa lake, kwa maana hakuna aliyemletea hati yake. Ni deni letu sisi wana wa Nyacheki kwa walimu waliotufundisha kusoma. Mwaka huu tumeona yatupasa kulieleza, kwa kuwa wale wanaotudai wanazidi kupungua.

Nyacheki iko katika nchi ya Bobasi, Kaunti ya Kisii, mahali pa vilima, migomba na majani ya chai. Katika nchi yote ya Abagusii elimu ya vitabu ilianzia katika vituo vya misheni. Wakatoliki walifungua kituo cha Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakaanza kazi Nyanchwa muda mfupi baadaye. Kutoka huko shule ndogo ndogo zilienea vilimani pole pole. Mwalimu wa siku zile mara nyingi alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu, akatumwa kuwafundisha wenziwe herufi, hesabu na sala. Nyumba ya shule ilikuwa ya udongo na nyasi, iliyojengwa kwa mikono ya wazazi. Na mvua ya alasiri ilipoanguka, mafundisho yalisimama. Baadaye lilipokuja bati, mwalimu alipata adha nyingine: mvua ilipiga kelele juu hata sauti yake isisikike, naye akaandika ubaoni kimya, watoto wakanakili.

Mwaka 1949 kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher ilitoa ripoti yake juu ya elimu ya Waafrika wa Kenya. Kwa mpango ule mtoto alisoma miaka 4 katika shule ya msingi, kisha, kama alishinda mtihani, miaka 4 mingine katika shule ya kati. Wengi hawakuvuka. Basi mwalimu wa darasa la nne alifundisha mwaka mzima akijua kwamba wengi wa wale walioketi mbele yake watarudi kuchunga ng'ombe. Mtoto aliyeshinda alisifiwa kwa akili za babu yake. Aliyeshindwa, lawama ilikuwa ya mwalimu. Mila hiyo haijatutoka hata leo.

Tena mwalimu yule hakuwa na bwana mmoja. Huyu aliajiriwa na misheni, yule na halmashauri, mwingine na Serikali yenyewe, na masharti ya kazi yalikuwa mbalimbali. Penye shule za misheni, msimamizi wa shule aliweza kumwondoa mwalimu kazini kwa sababu ya mwenendo wake wa nyumbani, hata kama darasani hakuwa na kosa. Ndiyo maana walimu waliungana, na tarehe 4 Desemba 1957 kikazaliwa Chama cha Kitaifa cha Walimu wa Kenya, ambacho sote twakiita KNUT. Dai lao kubwa lilikuwa kupata mwajiri mmoja kwa walimu wote.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963, lakini dai hilo halikutimizwa mara moja. Halmashauri za kaunti zilizopewa kazi ya kuendesha shule za msingi zilipungukiwa na fedha, na katika sehemu nyingi za nchi mishahara ilichelewa. Hapo ndipo ilipo taabu ambayo watu hawakuiona. Mwenye shamba akikosa mavuno, jirani huona kwa macho; mwalimu akikosa mshahara hakuna aonaye, maana asubuhi amevaa shati lile lile lililopigwa pasi. Aliandikwa deni dukani kwa sukari na sabuni. Nyumbani ndugu zake walimwomba karo za watoto wao, wakisema, "Wewe ndiwe mwenye mshahara," naye aliona haya kusema kwamba haujaja.

Walimu waligoma mwaka 1966, na mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuunda Tume ya Kuwaajiri Walimu, ile tuiitayo TSC. Mwaka 1969 ikapitishwa sheria nyingine, ya kuziondolea halmashauri za kaunti kazi ya elimu ya msingi, afya na barabara, na kuirudisha kwa Serikali Kuu. Tangu hapo mwalimu alijua angalau ni mlango gani wa kubisha.

Taabu iligeuka sura, lakini haikwisha. Tarehe 12 Desemba 1973 ilitangazwa kwamba madarasa manne ya kwanza hayatalipiwa karo. Januari 1974 watoto wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka kiasi cha milioni 1.8 hadi kiasi cha milioni 2.8. Watu tulishangilia, na ilistahili. Lakini watoto milioni moja zaidi hawakuja na madawati yao, wala walimu wao. Walimu wasiosomea kazi waliandikwa kwa maelfu, na waliosomea wakabeba mzigo wa wawili. Mwaka 2003 mambo yakawa vile vile: karo iliondolewa, na watoto wakaongezeka kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na hali tangu mwaka 1998 Serikali ilikuwa imezuia kuongeza idadi ya walimu. Mara mbili taifa lilitoa zawadi kubwa kwa watoto, na mara zote mbili mwalimu ndiye aliyeilipia kwa koo lake na kwa usiku wake, akisahihisha madaftari kwa mwanga wa kibatari. Na mwalimu aliye mama alisahihisha baada ya kupika na kulaza wanawe.

Sasa twafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Mwaka 1997 walimu waligoma, na Serikali ikakubali kuwapa nyongeza ya mshahara ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa muda wa miaka 5. Sehemu ya kwanza ililipwa. Kisha malipo yakasimama. Walimu waligoma tena mwaka 1998 na mwaka 2002, na mwaka 2003 yakapatikana makubaliano mapya kwa walio kazini. Je, wale waliostaafu katikati ya miaka hiyo? Pensheni yao ilipigwa kwa mshahara wa zamani. Walikuwa zaidi ya 50,000 nchini kote. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, na mwaka 2008 wakashinda; lakini kushinda si kulipwa. Kesi na rufani ziliendelea miaka mingi, na wengi wao wamezikwa kabla ya kupokea haki yao yote.

Ndugu wanachama, yafaa tujikosoe na sisi pia. Chama hiki kimechanga kwa harusi, kwa mazishi, na kwa vijana waendao masomoni ng'ambo. Lakini alipofariki mmoja wa walimu wazee waliotufundisha wengi wetu, habari zilitufikia baada ya maziko, na hatukutuma hata barua. Tuliketi mkutanoni wiki ile tukaandika kumbukumbu zetu kwa maandishi mazuri, aliyotufundisha yeye.

Tena wako walimu wanaolipwa na bodi za shule kwa michango ya wazazi, ambao shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona wengi wao walikaa bila chochote. Tusingoje nao wazeeke ndipo tuwatambue.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama alete kwa katibu jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza, shule aliyofundisha na miaka yake, ili yaandikwe katika daftari moja na kuhifadhiwa. Kuta za shule zetu zina majina ya waliotoa saruji na mabati. Majina ya waliosimama ndani ya kuta hizo hayapo. Pili, kamati ichague watu wawili wenye ujuzi wa ofisi, wawasaidie walimu wastaafu kuandika na kufuatilia karatasi za pensheni, bila malipo. Maana walimu hao ndio waliokuwa wakiwaandikia na kuwasomea barua wazazi wetu, nao hawakudai senti. Tatu, mwalimu mstaafu augauapo au afikwapo na msiba, ahesabiwe kuwa mwanachama, hata kama hajalipa kiingilio.

Kiingilio chake alikilipa zamani, siku ile alipoushika mkono wa kila mmoja wetu na kuuongoza kuandika herufi ya kwanza.