Steam Link: kilifutwa dukani, kikabaki kazini

Novemba 2018 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa taarifa fupi isiyo na mbwembwe. Kifaa chake kiitwacho Steam Link kilikuwa kimekwisha Ulaya, na Marekani kwenyewe vilibaki vichache. Vilivyobaki vikiuzwa, basi. Taarifa iliongeza kwamba wale walio navyo nyumbani wataendelea kuhudumiwa. Ahadi ya namna hiyo haimgharimu mtu kitu kuitoa, na wanunuzi wa vifaa vya elektroniki wameizoea kiasi kwamba hawaisikii tena. Safari hii ilitekelezwa. Miaka ilipita, bidhaa ikasahaulika madukani, na masasisho ya programu yakawa bado yanaingia kwenye visanduku ambavyo kampuni haikuwa inapata hata senti moja kwa kuviuza.

Kwa asiyekijua, Steam Link ni kisanduku cheusi, bapa, cha kutosha kiganjani, kisicho na feni. Ndani yake hamna gemu hata moja. Gemu linachezeka kwenye kompyuta yenye nguvu iliyoko chumba kingine. Kompyuta hiyo inaibana kila picha kwa mfumo wa H.264 na kuirusha kwenye mtandao wa ndani ya nyumba, kwa waya au kwa Wi-Fi. Kisanduku kinaipokea, kinaifumua na kuipeleka kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Kitufe unachobonyeza kwenye pedi ukiwa sebuleni kinarudi njia ileile mpaka kwenye kompyuta. Ni kazi ya king'amuzi, ila king'amuzi ambacho mtazamaji wake anajibu. Anayetazama taarifa ya habari hajui wala hajali kama picha imechelewa sekunde mbili. Anayepiga penalti anajua mara moja. Kwa picha 60 kila sekunde, picha mpya inabisha hodi kila baada ya milisekunde 16 na ushee, na kila moja inatakiwa kubanwa, kusafiri, kufumuliwa na kuonekana bila kuchelewa.

Kwa kazi hiyo Valve haikuweka mtambo wa maana. Kichakata kilikuwa cha kampuni ya Marvell, kumbukumbu ya muda megabaiti 512, hifadhi gigabaiti 4, na tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 kwa sekunde tu. Simu ya bei poa ya mwaka uleule ilikizidi. Lakini kichakata kile kilikuwa na sehemu maalumu ya kufumua video, na hiyo ndiyo iliyokuwa inatakiwa.

Chanzo chake ni ugomvi. Mwaka 2012 Gabe Newell, mwanzilishi wa Valve ambaye aliwahi kuwa mfanyakazi wa Microsoft, alisema hadharani kwamba Windows 8 ni balaa kwa kila mtu katika biashara ya kompyuta. Hofu yake ilieleweka. Duka lake la magemu, Steam, liliishi ndani ya Windows, na Microsoft ilikuwa inaingiza duka lake lenyewe humohumo. Valve ikaanza kujenga mfumo wake juu ya Linux, ukaitwa SteamOS, na ikashirikiana na watengenezaji kadhaa kuleta kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machines. Mwaka 2014 ilifungua kwa wote huduma ya kurusha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ndani ya nyumba. Machi 2015, kwenye mkutano wa watengeneza magemu huko San Francisco, ikaonyesha Steam Link. Kisanduku kiliingia sokoni tarehe 10 Novemba 2015 kwa dola 49.99, siku moja na Steam Machines na pedi ya Steam Controller.

Steam Machines ziliporomoka haraka. Magemu ya Linux yalikuwa machache, bei zilikuwa kubwa, na aliyekuwa na kompyuta ya Windows hakuona sababu ya kununua nyingine. Kisanduku kidogo, ambacho kwenye mpango mzima kilikuwa cha kuwashika mkono wakubwa, ndicho kilichopata wapenzi, kwa sababu hakikumtaka mtu aache alichonacho. Baadaye Valve ikaanza kukiuza kwa punguzo baada ya punguzo, kikafika chini ya dola 5, na kuna waliolipa gharama kubwa zaidi kukisafirisha kuliko kukinunua.

Kilichokiua ni programu. Mei 2018 Valve ilitoa Steam Link ya simu za Android na televisheni zinazotumia mfumo huo. Apple ikaikataa ile ya iPhone kwa madai ya mgongano wa kibiashara, ikaiacha nje mwaka mzima, na kuiruhusu Mei 2019. Desemba 2018 likaja toleo la kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kama simu, televisheni na kibao cha kompyuta cha bei nafuu vyote vinaweza kazi ileile, hakuna mhasibu atakayekubali kuendelea kutengeneza kisanduku.

Hapo ndipo bidhaa nyingi za aina hii huanza kufa, na zinakufa kwa namna ambayo redio au cherehani havifi. Redio ya mwaka 1970 inahitaji mtu arushe mawimbi, na mawimbi hayo hayabadilishwi kila wiki. Kifaa cha kurushia gemu kina nusu mbili. Moja iko chini ya televisheni, nyingine ni programu ya Steam kwenye kompyuta, na hiyo ya pili hujisasisha yenyewe mara kwa mara bila kumsubiri mtu. Mabadiliko madogo katika namna nusu mbili zinavyosalimiana yanatosha kukifanya kisanduku kizima, kisicho na ubovu wowote, kionyeshe ujumbe wa kosa. Kwa hiyo kuacha kukisasisha ni sawa na kukizima, ingawa taratibu. Ninapowasikia watu wakisifu masasisho ya Steam Link kama zawadi, huwa naona wanakosea kidogo. Ni sharti la kifaa kuendelea kuwa kifaa. Sifa inayostahili ni kwamba sharti hilo lilitimizwa wakati wengine hawalitimizi.

Kwa nini Valve iliweza? Sababu moja ni ya kiufundi na haina utukufu wowote. Miongoni mwa waliobeba kazi hiyo ni Sam Lantinga, mhandisi aliyeanzisha SDL mwaka 1998. SDL ni maktaba ya programu huria inayomwezesha mtu kuandika gemu mara moja na kulipeleka kwenye mifumo mingi. Programu ya kupokea picha kwenye kisanduku na ile ya kwenye simu ni ndugu. Kosa likirekebishwa upande wa Android, kulipeleka rekebisho hilo kwenye kisanduku cha 2015 ni kazi ya ziada, lakini si kuanza upya. Huduma ya Steam Link Anywhere, ya kucheza ukiwa mbali na nyumbani, ilitangazwa Machi 2019, miezi michache baada ya kifaa kufutwa, na wenye kisanduku waliipata pamoja na wenye simu.

Sababu ya pili ya kisanduku kubaki hai ni kwamba hakikufungwa kwa kufuli zote. Mtu akichukua flashi, akaunda ndani yake folda ya steamlink, ndani yake config, ndani yake system, akaweka faili la enable_ssh.txt lenye herufi zozote, kisha akachomoa umeme wa kisanduku na kukiwasha upya flashi ikiwa imechomekwa, mlango unafunguka. Anaingia kutoka kompyuta yake akiwa na mamlaka yote ya msimamizi, kwa nywila ambayo Valve yenyewe iliichagua: steamlink123. Wenye kampuni nyingine wangefukuza mtu kazi kwa jambo hilo. Valve ilitoa pia vifaa vya kuandikia programu za kisanduku, na watu wakavitumia: Kodi kwa ajili ya filamu, RetroArch kwa ajili ya magemu ya zamani, na Moonlight, ambayo ina kisa chake.

Kabla ya kisa hicho, kuna OnLive. Kampuni hiyo ilianza huduma Marekani Juni 2010, na Desemba mwaka huo ikaanza kuuza MicroConsole kwa dola 99. Ukikiangalia kwa nje, kilikuwa kisanduku kidogo, televisheni na pedi, kama Steam Link. Nusu ya pili ndiyo iliyotofautiana. Gemu la OnLive lilichezeka kwenye seva za kampuni. Mtumiaji hakuwa na kompyuta yake mahali popote. Tarehe 30 Aprili 2015, wiki chache tu baada ya Valve kuonyesha kisanduku chake San Francisco, seva zikazimwa. Sony ilinunua hataza. Magemu yaliyolipiwa yakapotea, na MicroConsole ikabaki plastiki. Hata kama wahandisi wote wa OnLive wangejitolea kufanya kazi bure, hapakuwa na cha kusasisha, maana hapakuwa na upande wa pili wa kuongea nao.

Google ilipita njia hiyohiyo na Stadia, iliyoanza Novemba 2019 na kufungwa tarehe 18 Januari 2023, ila yenyewe ilikuwa na hazina ya kutosha kuondoka kwa adabu. Iliwarudishia wateja fedha za vifaa na magemu waliyonunua kwenye maduka yake, kisha ikatoa zana ya kuibadilisha pedi ya Stadia, iliyokuwa ikiongea moja kwa moja na seva kwa Wi-Fi, iwe pedi ya kawaida ya Bluetooth. Muda wa kufanya mabadiliko hayo ulitakiwa uishe mwisho wa 2023, ukasogezwa mwaka mmoja, ukasogezwa tena. Ni sasisho dogo, na limeokoa pedi zilizokuwa zinaelekea jalalani.

Sasa Moonlight. Mwaka 2013 kampuni ya Nvidia ilileta GameStream, huduma ya kurusha gemu kutoka kompyuta yenye kadi yake ya picha kwenda kwenye vifaa vyake vya Shield. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, mjini Cleveland, walichunguza mazungumzo kati ya vifaa hivyo viwili, wakayaelewa, na kuandika programu huria ya kupokea picha kwenye simu yoyote ya Android. Waliiita Limelight, baadaye ikawa Moonlight. Kwa miaka ilionekana ni kitu cha wapenda kuchokonoa. Kisha Desemba 2022 Nvidia ikatangaza kwamba inaiondoa GameStream kwenye Shield, na kuanzia Februari 2023 sasisho likaanza kuifuta kwenye vifaa ambavyo watu walivinunua kwa sababu hiyo. Sasisho, safari hii, ndilo lililopunguza kifaa. Kati ya mbadala ambazo Nvidia iliwapendekezea wateja wake ilikuwamo programu ya Steam Link.

Kufikia hapo watu wengine walikuwa wameandika Sunshine, programu huria inayochukua nafasi ya upande wa kompyuta, na Moonlight ikabaki upande wa televisheni. Nusu zote mbili zikawa mikononi mwa watumiaji. Aliyekuwa na Shield aliendelea kucheza, na aliyekuwa na kisanduku cha Valve naye aliweza kuiweka Moonlight humo, kwa flashi na ule mlango tuliouona.

Lazima niitendee haki Nvidia. Shield ya kwanza ya televisheni, iliyotoka Mei 2015, ilikuwa bado inapata masasisho mwaka 2025, baada ya miaka kumi. Katika ulimwengu wa Android huo ni umri wa kustaajabisha. Zipo simu nyingi za gharama zilizotupwa na waundaji wake baada ya miaka mitatu. Hilo liliwezekana kwa sababu Nvidia ilitengeneza chipu yenyewe. Haikuwa na wa kumbembeleza.

Valve ilikuwa na wa kumbembeleza, na hapa ndipo penye ukuta. Programu za juu kwenye Steam Link zinaweza kuandikwa upya kila mwezi, lakini chini yake kuna kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux ya mfululizo wa 3.8, wa mwaka 2013, iliyofungamana na viendeshi vya Marvell. Kuihamisha kunahitaji mwenye chipu akubali kuvifanyia kazi viendeshi hivyo, na mwaka 2017 Marvell iliuza kitengo chake cha chipu za video kwa kampuni ya Synaptics. Ndiyo maana masasisho ya Steam Link, kwa wingi wake wote, hayakuweza kukitoa kwenye kerneli ile.

Novemba 2025 Valve ilitangaza Steam Machine mpya na pedi mpya, majina yaleyale. Kisanduku cha zamani nacho kina tarehe yake kinayoisubiri. Ni mashine ya biti 32, na inahesabu sekunde kuanzia Januari 1970 kwa tarakimu ambazo zitajaa Jumanne ya Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kalenda yake inarudi Desemba 1901, na kila cheti cha usalama kitakachoonyeshwa na mtandao kitaonekana hakijaanza kutumika. Dawa ya tatizo hilo kwa mashine za biti 32 iliingia kwenye kerneli ya 5.6, mwaka 2020. Kwa jinsi walivyokwenda mpaka sasa, sitashangaa kama huko Bellevue, makao makuu ya Valve, kuna mtu aliyekwisha kuiandika tarehe hiyo mahali.