Programu nzuri ya simu ni ipi?

Shangazi yangu alikuwa akilipa karo ya mjukuu wake kwa simu. Akabonyeza "Lipa". Kioo kikakaa kimya. Akabonyeza tena, na tena. Baadaye zikaingia jumbe tatu: karo imelipwa mara tatu. Pesa zilirudi baada ya wiki mbili za kuhangaika. Tangu siku hiyo hauamini mkono wake. Akitaka kulipa kitu humwita kijana wa dukani, humpa simu, na humtajia namba ya siri mbele za watu.

Programu yenyewe sitaitaja, kwani kosa lake linapatikana katika programu nyingi. Vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wanajifunza kazi hii, na wengi huanza na rangi na picha zinazochezacheza. Hayo ni mapambo. Programu nzuri ni ile inayomwezesha mtu kumaliza shughuli yake mwenyewe, haraka na bila hofu. Ikimshinda, atampa mtu mwingine simu pamoja na siri yake. Haya hapa ndiyo mambo ya msingi.

Kidole kipate pa kugusa

Kidole si ncha ya kalamu. Apple huwashauri watengenezaji kwamba sehemu ya kugusa isipungue pointi 44 kwa 44. Google, kwa simu za Android, hutaja dp 48, ambayo ni kama milimita 9 kwenye kioo. Kitufe kidogo kuliko hapo humfanya mtu aguse asichokusudia.

Mahali pa kitufe pia pana maana. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alichunguza jinsi watu wanavyoshika simu mabarabarani na vituoni. Kati ya waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 waliishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa kidole gumba. Mfikirie abiria wa tuktuk, au mama aliyempakata mtoto. Kitufe kinachotumika sana kikae chini, gumba linapofika. Na "Futa" isikae ubavuni mwa "Tuma".

Simu ijibu

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, alieleza mwaka 1993 viwango vitatu vya muda. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona ni papo hapo. Likichukua sekunde moja, huhisi kuchelewa lakini fikra zake hazikatiki. Zikipita sekunde 10, akili yake imeshahamia kwingine.

Mtandao ukiwa mzito huwezi kuuharakisha, lakini unaweza kumwambia mtu kinachoendelea. Kitufe kibadilike mara tu kinapoguswa, kiandike "Inatuma, subiri", na kisikubali kuguswa tena. Nyuma ya pazia, kila malipo yapewe namba yake ya pekee, ili ombi lile lile likifika mara ya pili mtambo ulitambue na ulikatae. Hatua hizo mbili zingemwokoa shangazi.

Hata mchezo wa kioo uwe na kazi. Katika iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ukifika mwisho wa orodha, orodha ilijivuta kidogo kama mpira kisha ikarudi. Watu walifurahia kuichezea, na papo hapo walielewa kwamba orodha imekwisha, simu haijakwama. Baadaye Loren Brichter, katika programu yake ya Tweetie, alileta mtindo wa kuvuta orodha chini ili kuleta habari mpya, na ukaigwa kote duniani. Uzuri wa namna hii hauchoshi kwa sababu unamwambia mtu jambo.

Kosa lirekebishike

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007. Moja ya mambo bora yaliyoongezwa humo baadaye ni kumwonyesha mtumaji jina la anayepelekewa kabla pesa hazijaondoka. Ni jambo dogo, lakini limewapunguzia watu wengi kazi ya kumpigia simu mtu wasiyemjua wakimsihi arudishe.

Kanuni ni hii. Kwa jambo lisilorudi nyuma, kama pesa, uliza kabla. Kwa jambo dogo, kama kufuta picha, usimsumbue mtu kwa maswali. Lifanye, kisha mpe nafasi ya kulirudisha.

Ujumbe wa kosa useme kosa ni nini. "Hitilafu 403" haimsaidii mtu. "Namba hii ina tarakimu 9, inatakiwa 10" inamsaidia. Bora zaidi, programu ijirekebishe yenyewe: mtu akiandika namba kwa kuanza na 07, 01 au +254, au akiacha nafasi katikati, zote zikubaliwe. Vivyo hivyo majina. Fomu inayokataa "bin", "binti" au alama iliyomo ndani ya Ng' inamwambia mtu kwamba jina lake ni kosa.

Lugha yetu na saa zetu

Kutafsiri maneno peke yake hakutoshi. Chukua swali hili: "Unataka kughairi malipo?" Chini yake vitufe viwili, "Sawa" na "Ghairi". Ukigusa "Ghairi", umeghairi malipo, au umeghairi kughairi? Kitufe kitaje kitendo chenyewe: "Tuma shilingi 500" na "Usitume".

Kisha kuna saa. Basi linaloondoka saa mbili za usiku huandikwa kwa Kiingereza saa 8. Mtafsiri asiye makini huandika "saa 8 usiku". Kwetu hiyo ni saa nane, usiku wa manane, na abiria atafika kituoni saa sita baada ya basi kuondoka. Kwenye tikiti na miadi ya hospitali andika zote mbili: "20:00, saa mbili usiku".

Maneno ya Kiswahili pia mara nyingi ni marefu. "Mipangilio" haitatoshea kila mahali palipoachwa kwa neno fupi la Kiingereza. Vitufe vijaribiwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, maneno yasije yakakatwa.

Jua, macho na data

Maandishi ya kijivu juu ya weupe hupendeza ofisini. Yapeleke kwenye feri ya Likoni saa sita mchana, hutaona kitu. Miongozo ya kimataifa ya W3C inataka mwanga wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Mzee aliyekuza maandishi katika simu yake, programu ifuate. Na kila kitufe cha picha kiwe na jina lililoandikwa ndani yake, ili TalkBack, sauti inayomsomea asiyeona, iweze kulitamka.

Mtandao ukikatika, alichokwisha andika mtu kisipotee. Programu iwe nyepesi, kwani data inanunuliwa. Wala isiombe kuona majina na picha za mtu kama haina kazi nazo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka zichukuliwe zile tu zinazohitajika.

Jaribu kwa watu watano

Nielsen amekuwa akishauri kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya programu. Basi usiwachague wenzako wa kompyuta. Mtafute mvuvi, muuza mboga, mwalimu wa madrasa, dereva na bibi yako. Mpe kila mmoja simu na kazi moja: "Lipa karo." Kisha nyamaza. Usielekeze kidole, usiseme "hapo juu". Kila anaposita, andika, maana hapo pana kosa lako, si lake. Rekebisha, kisha tafuta watano wengine.

Dini yetu inatufundisha kwamba anayefanya kazi aikamilishe vizuri. Fundi wa kanzu hujulikana kwa mshono wa ndani, usioonekana mpaka nguo ifuliwe mara kumi. Kijana unayetengeneza programu, siku bibi yako atakapolipa karo mwenyewe, kimya kimya, na namba yake ya siri ikabaki kifuani mwake, jua kazi yako imekamilika.