Neno la Siku: Sala ya Kila Siku kutoka Herrnhut hadi Rungwe

Desturi ya Mkristo kuanza siku kwa kusoma kifungu cha Maandiko Matakatifu na kukigeuza kuwa sala ni ya kale, kwani watawa wa karne za mwanzo za Ukristo walikwisha kuugawa mchana na usiku kwa saa za sala, yaani nyakati maalumu za kuimba Zaburi na kusikiliza masomo. Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16 yaliitoa desturi hiyo monasterini na kuifikisha majumbani: Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliwawekea wakuu wa kaya sala za asubuhi na za jioni, naye Thomas Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, alizikusanya saa za watawa katika ibada mbili za kila siku. Hata hivyo, ni katika kijiji kimoja cha wakimbizi mashariki mwa Ujerumani ambako sala hiyo ilipata umbo jipya, la neno moja linalopokewa na jumuiya nzima kwa siku moja.

Kijiji hicho ni Herrnhut, kilichoanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya kabaila Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Saxony. Waliokijenga walitoka Moravia, ambako mabaki ya Umoja wa Ndugu, kanisa lililozaliwa mwaka 1457 miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus, walikuwa wakiteswa kwa sababu ya imani yao. Wakimbizi hao walichanganyika na watu wa madhehebu mengine, wakagombana juu ya mafundisho na taratibu za ibada, hata ikaonekana kuwa jumuiya ingevunjika, mpaka walipopatanishwa na kushiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf tarehe 13 Agosti 1727. Wiki mbili baadaye walianza zamu ya maombi ya saa 24, ambayo warithi wao waliiendeleza kwa zaidi ya miaka 100.

Neno la siku lilizaliwa katika hali hiyo ya watu waliotoka kupatana. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa waumini waliokusanyika kwa uimbaji neno fupi la kubeba moyoni kesho yake, na tangu hapo kila asubuhi ndugu mmoja alipita nyumba kwa nyumba akilitangaza neno la siku, akiuliza hali za waliomo na kuzungumza nao juu ya maana yake. Neno hilo liliitwa Losung, jina lililotumiwa na askari kwa neno la siri ambalo kwalo mlinzi wa zamu humtambua mwenzake. Kwa hiyo sala ya nyumbani haikutengwa na uangalizi wa kichungaji, kwa kuwa aliyeleta Maandiko ndiye aliyejua pia nani mgonjwa, nani ana huzuni na nani amekosana na jirani yake.

Kwa mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kitabuni kwa mara ya kwanza, na tangu wakati huo kitabu hicho kimetolewa kila mwaka bila kukatika. Uchapishaji huo ulikuja kwa wakati wake, kwa maana mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann waliondoka Herrnhut kwenda kuwahubiria watumwa wa kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, mwaka uliofuata wengine wakaenda Greenland, na mwaka 1737 Georg Schmidt akafika Afrika Kusini. Barua zilichukua miezi mingi baharini, lakini kwa kuwa maneno yalipangwa mapema, mmisionari aliye mbali aliweza kuomba kwa kifungu kilekile kilichosomwa siku hiyo nyumbani kwao.

Utaratibu uliozoeleka baadaye ni kwamba mstari wa Agano la Kale kwa kila siku hupatikana Herrnhut kwa kura, kutoka katika mkusanyiko wa mistari zaidi ya 1,800, kisha huchaguliwa mstari wa Agano Jipya unaopatana nao, na mwisho huongezwa ubeti wa wimbo au sala fupi. Kura hapa si ramli. Wamoravian wa karne ya 18 waliitumia hata katika kuamua mambo makubwa ya jumuiya, na matumizi hayo yaliachwa katika karne ya 19, lakini kwa neno la siku kura ilibaki kwa sababu inamzuia msomaji, hata awe mchungaji, kuchagua tu kile kinachompendeza. Anayeomba kwa namna hii hulazimika kujibu neno ambalo hakulitafuta, liwe la faraja au la karipio.

Nguvu ya utaratibu huo ilidhihirika wakati wa dhiki. Mwanateolojia Dietrich Bonhoeffer, alipokuwa New York mwezi Juni 1939 akipima kama abaki Marekani kwa usalama wake, aliyatafakari maneno hayo katika shajara yake, kisha mwezi uliofuata akarudi Ujerumani, ambako upinzani wake kwa utawala wa Hitler ulimfikisha gerezani na hatimaye kwenye kifo mwaka 1945. Na hata akiwa gerezani aliendelea kuyasoma. Mwezi Mei mwaka huohuo sehemu ya kati ya Herrnhut iliteketea kwa moto, lakini upigaji kura na uchapishaji uliendelea, na katika miaka ambayo Ujerumani iligawanyika, Wakristo wa pande zote mbili za mpaka walisoma mistari ileile.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mwaka 1891, wamisionari wa Kimoravian walipofungua kituo cha Rungwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na mwaka 1898 walipoipokea kazi ya Urambo, katika nchi ya Wanyamwezi, kutoka kwa Shirika la Misioni la London. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaondoa wamisionari Wajerumani, na imani ilidumu kwa kazi ya walimu na wazee wenyeji waliokuwa wamezoea kusoma, kuimba na kuomba pasipo kumngoja mgeni. Mwaka 1966 Teofilo Kisanji akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Moravian nchini Tanzania, na leo nchi hiyo ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Historia ya neno la siku inaonyesha, basi, kwamba sala ya faragha hudumu inapobebwa na jumuiya. Herrnhut haikuwaachia waumini wake Biblia pekee na kuwatakia heri. Iliwapa kifungu kinachotosha siku moja, mtu wa kukileta mlangoni, na uhakika kwamba wengine wengi wanakiomba pamoja nao. Kanisa lolote linalotaka waumini wake waombe kila siku lina wajibu wa kulinda mambo hayo matatu, kwa maana kifungu kinaweza kuchapishwa kwa wepesi, lakini mtu wa kumtembelea jirani na kumuuliza hali hana budi kuandaliwa na kutumwa.