Samaki wa Tope: Kutoka Madimbwi ya Ifakara hadi Matangi ya Kioo

Samaki wa jenasi ya Nothobranchius wa bonde la Kilombero hawaishi mtoni. Makazi yao ni madimbwi ya mbugani, mitaro ya barabara na mashimo ya kifusi, yanayojaa mvua zikianza na kukauka kiangazi. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa. Yanayosalia ni mayai yaliyofukiwa kwenye tope, ambayo hulala humo kwa miezi kadhaa. Mvua ikirudi huanguliwa, na vifaranga hukua kwa haraka ya ajabu: wiki chache tu nao huanza kutaga. Madume wana rangi kali, majike rangi ya vumbi. Kwa kuwa hawazidi sana sentimita 5 au 6, hawakupata kuwa kitoweo cha maana katika bonde lililojijengea jina kwa kambale, perege na kitoga.

Sayansi iliwafahamu jamaa zao wa pwani kwanza. Wilhelm Peters alieleza spishi kutoka Msumbiji mwaka 1844, kisha mwaka 1868 akaipa jenasi jina lake. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg alieleza samaki wa Unguja anayeitwa leo Nothobranchius guentheri, kutokana na sampuli za Franz Stuhlmann. Kilombero ilichelewa, na sababu si ngumu kuiona: samaki hawa hupatikana wakati uleule ambao masika hufunga njia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Ifakara, ilirahisisha safari. Tena ujenzi wa reli na barabara huacha mashimo ya kifusi, ambayo ni madimbwi mapya.

Mwaka 2002 Ruud Wildekamp, Brian Watters na Ian Sainthouse walitangaza spishi mbili za bonde hili, N. kilomberoensis na N. geminus. Mwaka huohuo ardhioevu ya Kilombero, yenye karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Watters alikuwa mwanajiolojia, na pengine ndiyo maana aliuona udongo pale wenzake walipoyatazama maji. Alionyesha kwamba si kila dimbwi la msimu linafaa. Sharti chini kuwe na mfinyanzi mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Penye mchanga mtupu au udongo mwekundu, mayai hayadumu.

Wafugaji wa Ulaya na Marekani walijifunza kuuiga udongo huo kwa mboji. Chama cha wafugaji wa samaki wa aina hii kiliundwa Marekani mwaka 1961, na mayai yakawa yanasafiri kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu kiasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Anayeanza huhitaji tangi la lita 20 au 30, chujio la sponji, chakula hai na kibakuli cha mboji ambamo jike hutaga. Mboji hukamuliwa, huandikwa tarehe na kuhifadhiwa kwa miezi kadhaa kabla ya kuloweshwa, yaani kiangazi cha kutengeneza. Tofauti na tangi la matumbawe, linalotaka takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, hapa huwekwa chumvi kidogo tu, kuzuia kimelea kinachotanda kwenye ngozi ya samaki kama vumbi la dhahabu.

Kila kizazi hufuatana na lebo yake: spishi, mahali, na msimbo wenye mwaka wa kukusanywa na namba. Samaki wa dimbwi moja hawachanganywi na wa dimbwi jingine, hata wakifanana, kwa hiyo majina ya vituo vya njiani hudumu katika matangi ya watu wasiowahi kuviona.

Bondeni kwenyewe, mfinyanzi uleule ndio unaopendwa na mpunga. Jaruba likilimwa kwa jembe la mkono, samaki huweza kuendelea kuishi kando yake na kula viluwiluwi vya mbu. Mambo hubadilika mifereji inapoyaondoa maji mapema au dawa za kuua magugu na wadudu zinapotiririkia mbugani. Dimbwi likikosa kujaa kwa miaka mingi mfululizo, mayai yaliyomo huisha, na samaki wengine hawawezi kufika hapo mpaka mafuriko yawalete.